Sweta ya Nyeri Inayonunuliwa kwa Picha



Mama mmoja wa Malindi ametuandikia kuwa bintiye amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, huko Nyeri, na kwamba jamaa waliomtangulia bara wamemtahadharisha na baridi. Binti amemwonyesha mamake katika simu sweta yenye kofia, ile ambayo vijana huiita hudi. Picha yapendeza na bei si ya kubeza. Mama auliza: nitajuaje kuwa kitakachofika ndicho nilichokiona? Na je, ni bora kununua moja nzito au mbili za kiasi?

Sisi wa Pwani tukishika leso kwa vidole viwili twajua pamba yake, na buibui litakalopauka twalitambua kabla halijafuliwa. Nguo ya baridi hatujaizoea, kwani kipupwe chetu ni cha kujifunika shuka tu. Nyeri iko takriban mita 1,750 juu ya bahari, baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Kuanzia Juni hadi Agosti wingu hukaa chini siku nzima jua lisionekane, na usiku joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Nanyuki iko juu zaidi ya hapo. Kijana atokaye bwenini kwa ajili ya alfajiri akiwa amevaa fulana iliyotiwa kofia, atarudi amekunjamana.

Kununua kwa sifa si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla ya kuyapata, akawaelekeza kuwa alipaye hivyo na ajue kipimo, ajue uzani, na ajue muda. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi kwa kauli yenye nguvu; mlango uliofunguliwa ni huo wa kuuza kwa sifa zilizobainishwa. Hukumu ya mkataba mmoja mmoja tuwaachie masheikh. Mimi natazama tu jinsi maelekezo hayo yanavyomfaa mama aliyeshika simu, maana duka la mtandaoni hukupa picha kumi na sifa mbili, na hizo mbili ni «nzuri» na «ya kisasa». Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi tuanze na uzani. Kitambaa cha hudi hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba. Kilicho chini ya gramu 250 ni chepesi, chafaa jioni za Mombasa wakati wa mvua. Cha gramu 280 hadi 320 ni cha kati, na cha 350 na kuendelea ni kizito kweli. Kwa Nyeri usishuke chini ya 300. Muuzaji asipoijua nambari hiyo, na wengi hawaijui, mwombe aiweke sweta yenyewe juu ya mizani ya jikoni akutumie picha. Hudi ya saizi ya kati yenye kitambaa cha gramu 300 huwa na nusu kilo au zaidi. Ikisoma gramu 300 kwa jumla, jua hiyo ni fulana. Atakayekataa kupima kitu alicho nacho mkononi pengine hana kitu mkononi. Ameichukua picha ya mwenziwe tu.

Kisha mwombe aigeuze ndani nje mbele ya kamera. Ndani utaona moja ya mambo mawili: ama manyoya laini yaliyochanwa, ama vitanzi vidogo vya uzi kama vya taulo. Yenye manyoya hushika joto zaidi, na ndiyo ya kuchagua. Hapo hapo tazama mishono: iwe imezibwa kwa ovaloki pasi na nyuzi zinazoning'inia, na kwenye mabega na mfuko iwe imerudiwa. Kofia iwe ya kitambaa cha tabaka mbili. Ya tabaka moja hulala mgongoni kama kitambaa kilicholowa, wala haizuii upepo. Ncha za mikono na kiuno ziwe na uzi wa kuvutika uliochanganywa na likra, la sivyo baada ya kufuliwa mara chache zitalegea, na baridi huingilia hapo.

Juu ya aina ya uzi, nina rai isiyopendwa na wauzaji wa vitu vya «pamba tupu». Pamba tupu ni nzuri kwa ngozi, lakini hudi nzito ya pamba iliyofuliwa Julai Nyeri, pasi na jua, huchukua siku mbili au tatu kukauka, na nguo isiyokauka hutoa uvundo. Polista tupu hukauka upesi lakini hufanya jasho na hutoa vipira vya nyuzi kwapani. Mchanganyiko wa pamba nyingi na polista kidogo, kama 80 kwa 20, ndio unaomfaa mwanafunzi. Akriliki niiache kabisa. Ambaye hajawahi kutofautisha vitambaa hivi aende Kongowea kwenye mitumba, azishike hudi kumi, asome vibandiko vya shingoni, na arudi bila kununua. Asubuhi moja sokoni itamfundisha zaidi ya picha mia.

Sasa kipimo. Herufi M, L na XL hazina maana moja. L ya kiwanda kimoja cha China yaweza kuwa M ya Uingereza. Omba sentimita. Chukua sweta au koti linalomkaa mwanao vizuri, litandike juu ya mkeka, pima kutoka kwapa hadi kwapa uzidishe kwa mbili, kisha urefu kutoka bega hadi pindo, na mkono. Linganisha na jedwali la muuzaji. Kwa mvulana, kifua cha nguo kizidi cha mwili kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa binti anayetaka sitara, na anayevaa nguo nyingine ndani, kizidi kwa 20 au zaidi, na pindo lishuke chini ya makalio. Ukiona jedwali laonyesha mkono mfupi ajabu, tazama bega: mishono mingine hushukia kwenye mkono wa juu, na hapo mkono huanzia chini. Tena picha za wanamitindo zisikuhadae. Nguo hubanwa mgongoni kwa vibanio ili mbele ionekane imekaa.

Jambo ambalo majedwali hayalisemi ni swala. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Mughira bin Shu'ba kwamba katika safari Mtume (s.a.w.) alivaa juba la Sham lenye mikono myembamba, na alipotaka kutawadha mikono ya juba haikupanda, ikambidi aitoe mikono yake kwa chini. Hudi yenye ncha za kubana sana humtia kijana katika shida hiyo mara tano kwa siku, na maji ya Nyeri asubuhi hayana rehema. Akichoka ataanza kuosha mpaka nusu ya kigasha, naye hana udhu. Jaribu ncha hiyo: je, yapanda juu ya kiwiko? Kofia kubwa mno nayo hushuka pajini wakati wa kusujudu ikawa baina ya uso na ardhi. Na hudi fupi, mvulana anaporukuu, hupanda na kumfunua mgongo chini ya kitovu. Ndiyo sababu urefu upimwe mikono ikiwa imeinuliwa. Binti naye ajaribu kofia juu ya mtandio wake, si juu ya nywele, kwani shingo ya hudi nyingi haina nafasi ya vitambaa viwili.

Malipo yawe baada ya kuona, ikiwezekana. Asiyekubali hivyo akuandikie, kabla hujatuma pesa, uzani, kipimo, siku ya kufika, na masharti ya kurudisha. Hifadhi mazungumzo hayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaostahili na maelezo ya kutosha, na sharia yetu nayo inampa hiari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa. Agiza ifike nyumbani Malindi wiki mbili kabla ya safari, wala si Nyeri, ili kuwe na muda wa kuivaa, kuinua mikono, kusujudu nayo, na kuirudisha ikibidi. Kibandiko kisikatwe kabla ya hapo. Sugua ndani ya mkono kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Ikiacha weusi, itaharibu kila mtandio mweupe alio nao.

Ama swali la pili la mama: mbili za kiasi, za gramu 300, badala ya moja ya 400. Moja ikiwa kwenye kamba ya nguo kwa siku mbili za ukungu, nyingine iwe mwilini.