Jalada la Mgonjwa Limelala Wapi?

Mganga mfawidhi anayefikiria kununua seva ya hospitali, awe Iringa au Mbeya, siku hizi hushauriwa akodi. Ushauri huo nauunga mkono. Seva ya kununua hudai chumba chenye ubaridi, umeme usiokatika na fundi wa kuiangalia; na vumbi letu la kiangazi halina simile. Seva ya kukodi, ile iitwayo ya wingu, ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyogawanywa kwa programu ili kila mpangaji aone yake tu, naye hulipia saa au mwezi aliotumia. Mifumo ikiunganishwa, mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Iringa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300, hutanguliwa na jalada lake.

Lakini wingu lina anwani. Amazon ilifungua vituo vyake vya Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 2020, na kuvifikia kunategemea mikongo ya mawasiliano, mingine ikipita baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika kwa siku kadhaa. Daktari wa zamu ambaye orodha ya dawa za mgonjwa wake imelala ng'ambo pekee afanye nini siku kama hiyo? Mgonjwa wa kisukari aliyezimia hawezi kutaja dozi yake ya insulini, wala mwenye mzio wa penisilini hawezi kungoja mkongo uungwe.

Kwa hiyo naona hospitali isitie saini mkataba wa kukodi kabla haijaweka nakala ya kumbukumbu muhimu ndani ya jengo lake: dawa, mzio, majibu ya karibuni ya maabara. Kompyuta moja ya kawaida, inayonakili kila usiku, yenye nenosiri na inayosomeka bila intaneti, yaweza kutosha. Nayo ijaribiwe: zimeni intaneti asubuhi moja tulivu, muone kama wodi inaendelea na kazi. Kodi nayo iingie katika bajeti ya kila mwaka, kwani mpangaji asiyelipa hufungiwa mlango, na hatimaye vyake hufutwa.

Nanyi wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Ulizeni dirishani jalada lenu linakaa wapi. Na kadi ya kliniki, ile ya karatasi, msiitupe bado.