Je, Liyongo Angeiokoa Pate? Kuhusu Swali Linaloitwa la Kitoto

Makala haya yametokana na swali moja lililoulizwa hapa Kilifi, katika semina ya tenzi za kale, na mwanafunzi aliyekulia ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Tulikuwa tukisoma Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhamadi Kijumwa, utungo wa mwaka 1913, kwa kufuata toleo alilolihariri Abdilatif Abdalla mwaka 1973. Tulikuwa tumefika pale ambapo Liyongo amekwisha kutoroka kifungoni na mfalme wa Pate hapati usingizi kwa ajili yake. Mwanafunzi akauliza: lau Wagala wangeushambulia mji usiku ule, Liyongo angetoka mwituni kwenda kuuokoa, au angekaa na kuutazama ukiungua?

Darasa liligawanyika papo hapo, na mjadala ukatoka nasi nje hadi chini ya miembe. Mwenzetu mmoja wa idara, aliyepata habari zake baadaye, alitabasamu akasema kwamba swali hilo ni la kitoto. Mhusika, alisema, hana maisha nje ya matini. Wagala hawakuja usiku ule, kwa hiyo Liyongo hakufanya lolote, na mhakiki hana la kusema. Makala haya ni jibu kwa tabasamu lile.

Tunaijua asili ya hoja yake. Mwaka 1933 L. C. Knights alichapisha insha iliyowadhihaki wahakiki wa Shakespeare waliokuwa wakihesabu watoto wa Lady Macbeth, na tangu hapo kila aliyesomea uhakiki katika vyuo vyetu amefundishwa kuliona swali la aina hiyo kama aibu. Insha ile ilikuwa dawa ya maradhi ya mahali pake. Huko Uingereza wasomaji walikuwa wameanza kuwatungia wahusika utoto, ndoa na magonjwa ambayo mwandishi hakuyagusa. Lakini dawa ya mgonjwa mmoja hainyweshwi mji mzima. Idadi ya watoto wa Lady Macbeth haibadilishi maana ya tendo lake hata moja. Swali la kama Liyongo angeiokoa Pate, kinyume chake, linagusa maana ya kila tendo alilolitenda. Anayeandika kwamba Liyongo ni shujaa amekwisha kulijibu, ajue asijue, kwa sababu ushujaa si orodha ya mambo yaliyotendwa tu. Ni madai kuhusu lile ambalo mtu angelitenda hatari ikija. Kadhalika anayemwita mwenye kisasi. Hatuwezi kuzitumia sifa hizi katika kila ukurasa kisha tukakataa kuulizwa zina maana gani.

Na tusisahau kwamba utenzi haukutungwa usomwe kimyakimya maktabani. Ulighaniwa mbele ya watu, na mbele ya watu maswali hayazuiliki. Bibi zetu walipokuwa wakituhadithia, hatukuwahi kuambiwa kwamba mhusika hana maisha nje ya matini.

Basi tulijibu. Hapa ndipo tunapotofautiana pia na wale waliokubali kujibu, kwa maana majibu mawili yaliyotolewa chini ya miembe, nayo ndiyo tunayokutana nayo katika insha za wanafunzi mwaka baada ya mwaka, yote mawili yanamkimbia Liyongo.

Jibu la kwanza ni la wanaomfanya Liyongo mwanamapinduzi. Kwao yeye ni mnyonge dhidi ya utawala dhalimu, na Pate ni ngome ya dhuluma. Aachwe aiache iungue. Usomaji huu ulikuwa na nguvu katika miaka ya 1970, wakati ambapo kila shujaa wa kale alitakiwa aonyeshe kadi ya tabaka lake. Udhaifu wake ni kwamba Liyongo si mnyonge. Ni mtu wa nyumba ya kifalme. Yako masimulizi yanayoueleza ugomvi wake na Daudi Mringwari kuwa ni ugomvi wa urithi, je, kiti kifuate upande wa mama au upande wa baba. Na hata katika utenzi wa Kijumwa hofu ya mfalme ni moja tu, kwamba mtu huyu ataunyakua ufalme. Kwa hiyo Liyongo ni mpinzani kwa maana kamili ya neno: anakitaka kile kile alicho nacho mwenzake. Mtu anayeudai mji hautakii majivu. Kama tunatafuta sababu ya kumfanya aiokoe Pate, ya kwanza iko hapa, nayo si nzuri sana: angeulinda mji kama mtu alindavyo mali anayoamini kuwa ni yake.

Jibu la pili ni la wanaomfanya walii. Hawa husema kwamba angeiokoa bila kusita, kwa kuwa shujaa wa Waswahili ni mtu wa subira na msamaha. Tunawaomba wasome masimulizi ya nathari aliyoyachapisha Edward Steere mwaka 1870. Humo Liyongo anapokata minyororo na kutoka kifungoni, watu wa ngoma wanashindwa kukimbia, naye anawakamata na kuwagonganisha vichwa hadi wanakufa. Tuzingatie ni akina nani. Si mfalme, wala si mawaziri. Ni watu waliokuja kucheza ngoma, tena ngoma ambayo kelele zake ndizo zilizouficha mlio wa tupa aliyokuwa akikatia chuma. Walimsaidia pasipo kujua, na ujira wao ulikuwa kifo. Mwanafunzi mmoja alijitetea kwamba hayo ni ya Steere, si ya Kijumwa. Ni kweli, na mhakiki hana ruhusa ya kuchanganya matini mbili kana kwamba ni moja. Lakini wapwani waliomsimulia Steere hawakuona kwamba tendo lile halimfai Liyongo. Hilo linatosha kuuondoa uwalii.

Wengine walikimbilia historia, wakidai kwamba mila za pwani humlazimisha mtu kumwokoa jirani hata akiwa hasimu. Tunatamani ingekuwa hivyo. Mwaka 1589 Wazimba walipoingia Mombasa na kuua, Malindi, iliyokuwa hasimu wa Mombasa na rafiki wa Wareno, haikwenda kuiokoa. Wazimba walipogeuka kuja Malindi yenyewe, waliowazuia walikuwa Wasegeju. Miaka michache baadaye mtawala wa Malindi alihamia Mombasa na kukaa huko. Mila haitatusaidia, basi. Turudi kwenye matini.

Ushahidi wetu mkubwa ni mazungumzo ya Liyongo na mwanawe. Kila msomaji anayakumbuka: kijana ameahidiwa na mfalme kwamba akiileta siri ya kifo cha baba yake ataozwa binti na kupewa cheo, anakwenda, anamwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Wahakiki wengi hupita hapa haraka wakienda kwenye sindano ya shaba na kitovu. Sisi tunasimama. Katika utenzi wa Kijumwa Liyongo hadanganyiki. Anatambua kwamba kijana ametumwa, tena anamwonya kwamba hao waliomtuma wanamhadaa. Kisha anamwambia siri.

Kwa nini? Wanaomfanya Liyongo jitu la nguvu hawana jibu, kwa sababu nguvu haielezi jambo hili. Wanaosema amechoka na maisha wanajitungia mtu mwingine. Hakuna uchovu katika utenzi huu. Maelezo yanayobaki ni kwamba mbele yake yuko mtu aliyekuwa upande wa adui, na mtu huyo ni wake. Kumnyima siri ni kumrudisha kwa mfalme mikono mitupu, na tumekwisha kumjua mfalme yule. Liyongo anachagua kumpa adui anachokitaka kwa kuwa adui huyo amevaa uso wa mwanawe. Hafanyi hivyo kwa upole. Anamwambia ukweli mchungu kwanza, halafu anatoa. Mwana, kama inavyojulikana, hakupata alichoahidiwa.

Huu ndio msingi wa jibu letu. Mtu aliyeweza kutenda hivyo kwa mwana mmoja aliyehadaiwa angeweza kutenda hivyo kwa mji mzima uliohadaiwa. Pate si Mringwari. Ndani ya Pate mna mama yake. Mna Saada, mjakazi aliyeibeba mikate ya wishwa yenye tupa ndani hadi gerezani, huku walinzi wakila vinono na kumwachia mfungwa makapi. Mna watu waliocheza naye gungu. Utenzi wenyewe unatuonyesha, baada ya kifo chake, mji ukimlilia kama ngao yake. Maana yake ni kwamba mji ulijua, ijapokuwa kwa kuchelewa, kwamba Wagala walikuwa wakizuiliwa na jina la mtu ambaye mji huo huo ulikuwa ukimwinda. Liyongo alikuwa akiiokoa Pate kila usiku kwa kuwa hai tu. Swali la mwanafunzi wetu, kwa hiyo, halikuwa la kubuni sana kama ilivyodhaniwa.

Tungeweza kuishia hapa na kupewa alama nzuri. Lakini kuna kisima.

Amechomwa, anaamka, anatwaa uta na mishale, anakwenda kisimani nje ya mji. Anapiga goti, anatia mshale utani, anavuta, na hali hiyo anakufa. Watu wanamwona kwa mbali wakidhani yu hai. Hakuna anayethubutu kusogea kuteka maji. Siku zinapita. Tumesoma tahakiki nyingi zinazolisifu tukio hili kama upeo wa ushujaa, shujaa anayetisha hata akiwa maiti. Sifa hizo zimeandikwa na watu wenye mifereji nyumbani. Ndugu zetu wanaoishi kando ya Sabaki hawasomi hivyo. Maji ya Baricho hutolewa ukingoni mwa mto huo yakapelekwa Malindi, Kilifi na hadi Mombasa, na bado viko vijiji jirani na mto ambako mwanamke huamka alfajiri kwenda kuteka. Mwanafunzi wetu alipofika kwenye kisima hakuuliza juu ya ushujaa. Aliuliza nani alikuwa na kiu.

Ni swali zuri kuliko la kwanza. Aliyekuwa na kiu si Mringwari, kwa maana nyumba ya mfalme haikosi mtungi. Waliokuwa na kiu ni wajakazi wenye ndoo, ni watoto, ni akina Saada. Mshale wa Liyongo umewaelekea hao. Je, alikusudia? Wanaotaka kumsafisha husema kwamba alikuwa akimngoja mwanawe au askari wa mfalme. Utenzi hausemi. Unachotuonyesha ni mtu anayekufa akiwa ameuelekezea mji silaha, mahali ambapo mji unapata uhai wake. Mkono uliotoa siri kwa mwana ndio huu unaovuta uta kisimani, na hatuoni njia ya halali ya kuyapatanisha matendo haya mawili. Mhakiki anayeyapatanisha ameandika utenzi mwingine.

Kwa hiyo jibu letu ni hili, na tunalitoa tukijua kwamba halitampendeza mtu: Liyongo angeiokoa Pate, na angeichukia kwa kumlazimu aiokoe, na hakuna anayejua kama baada ya kuwafukuza Wagala uta wake usingegeuka. Mgogoro huu haumpunguzii hadhi. Unamtoa katika orodha ya majitu na kumweka karibu na watu tunaowafahamu. Kijumwa, aliyekuwa mtu wa Lamu, mwandishi wa hati nzuri na fundi wa kuchonga milango, hakuwa mtu wa kuacha kazi na ncha iliyokatika kwa bahati mbaya. Ameyaacha matendo mawili yakiangaliana kwa sababu ndivyo alivyoyapokea na ndivyo alivyoona yafaa.

Si bure kwamba swali lilitoka kwa mtoto wa ng'ambo ya Sabaki. Mwaka uliofuata ule wa kutungwa kwa utenzi huu, yaani 1914, serikali ya kikoloni iliwaamuru Wagiriama waihame ardhi yao ya kaskazini ya mto, na damu ilimwagika. Katika nyumba za huko bado kuna kumbukumbu za nani alikwenda upande gani, na nani alimficha nani ijapokuwa walikuwa hawasemezani. Kwa watu hao, kumwokoa hasimu si mada ya semina. Tukiwaambia kwamba maswali yao ni ya kitoto, watayapeleka kwingine, na sisi tutabaki na istilahi zetu.

Limebaki jambo moja, ambalo katika siku ile ya miembe hakuna aliyelitaja, mimi nikiwa mmojawapo. Wakati watu wa Pate waliposhindwa na kiu, hawakumwendea mfalme. Walimwendea mama yake Liyongo, wakamwomba akambembeleze mwanawe awaachie kisima. Naye hakujua kuwa mwanawe amekwisha kufa. Alidhani ana hasira. Mji ule ndio uliomfunga mtoto wake, ukamfukuza, ukamtafutia muuaji. Angeweza kufunga mlango wake akawaacha na kiu yao. Alitoka akaenda kisimani, akasimama mbali kwa hofu, akaanza kumwimbia ili watu wapate maji. Alirudi tena, na tena, mpaka mwili ulipoanguka.

Nimepitia maswali ya mitihani yetu juu ya utenzi huu. Kuna ya nguvu za Liyongo, kuna ya hila za mfalme, kuna ya usaliti wa mwana. Juu ya mama kuna la mikate tu.