"Nitakuombea" haijazi tumbo

Nikiwa mwaka wa kwanza, muhula wa pili, bumu lilichelewa. Wanaojua wanajua: wiki ya kwanza watu wanataniana, wiki ya tatu chumba kizima kinakuwa kimya. Mwenzangu wa chumba akaanza kulala mchana kutwa. Nikimuuliza, anasema amechoka na madesa.

Jioni moja natoka kwenda kwenye maombi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, leo siku ya pili sijala." Nikamshika bega. "Usijali ndugu yangu, nitakuombea." Nikaondoka. Mfukoni nilikuwa na shilingi 3,000. Na kweli nilimwombea, tena kwa kumtaja jina.

Niliporudi usiku nikamkuta anakula. Jirani yetu wa chumba cha pili, Mwislamu, alikuwa amepika wali na maharage kwenye lile jiko la umeme ambalo sote tunajua haliruhusiwi hosteli, akagonga mlango: "Oya, njoo tule, chakula kimezidi." Hakikuwa kimezidi. Nilikiona kisufuria chenyewe.

Luka sura ya 10 nimeihubiri mwenyewe zaidi ya mara moja. Kuhani alipita, Mlawi akapita, Msamaria akasimama. Usiku ule nilijua mimi ni nani katika hadithi ile, na sikuwa Msamaria.

Wapo watakaoniambia kwamba wokovu ni kwa neema, si kwa matendo. Sawa, nami naamini hivyo. Lakini Waefeso sura ya 2 tunakariri mstari wa 8 na wa 9, halafu tunauacha wa 10, unaosema tuliumbwa katika Kristo ili tutende mema. Yakobo naye, sura ya 2, anamtaja mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, na asimpe kitu. Nilipoisoma baada ya tukio lile, niliona kama aliandika akiwa amesimama mlangoni kwetu.

Wengine watasema, "Sisi wanafunzi tutatoa nini, na wenyewe tunaunga-unga?" Jamani, tumwangalie tena yule Msamaria. Hakujenga hospitali pale barabarani. Alitoa mafuta na divai aliyokuwa nayo, punda wake, na dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili. Alichopoteza zaidi ni muda wa safari yake.

Na hapa chuoni njia ni nyingi. Kuna mwenzetu asiyeona anayehitaji mtu wa kutembea naye hadi ukumbi wa mhadhara. Kuna aliyelazwa wiki nzima na hana notisi. Kuna aliyepata sap tatu, na tangu matokeo yatoke hakuna anayekaa naye. Kuna mama anayesafisha vyoo vyetu kila asubuhi, nasi tunampita kama ukuta, hata shikamoo hatumpi. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kamati wala fulana za kuchapisha.

Wala halihitaji picha. Siku hizi mtu akimnunulia mwenzake chipsi, status nzima tunajua. Mathayo sura ya 6 inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Sisi tunawajulisha hata watu wa kozi nyingine.

Sisemi tuache maombi. Bado naenda, na bado naombea watu. Ila sasa nina utaratibu wangu: kabla ya kusema "nitakuombea" nauliza kwanza, "Umekula?"

Asubuhi baada ya usiku ule nilimwomba mwenzangu msamaha, nikampa ile elfu tatu. Alichukua elfu moja na mia tano, akanirudishia iliyobaki. "Na wewe utakula nini?" akauliza. Yeye hata kanisani alikuwa haendi.

Bumu litachelewa tena, hilo tunalijua. Likichelewa, kabla hujabeba Biblia yako kwenda mkesha, tazama kitanda cha pili.