Kuaminiwa Sio Kuaminika

Ndugu yangu, dada yangu, hebu nikuulize. Mara ya mwisho ulipovuka barabara, ulitafuta zebra? Tuseme ukweli, Mwembe Tayari au Eastleigh tunavukia popote penye nafasi. Dereva wa matatu anajua, wa boda anajua. Sasa sikiza.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona kule Marekani, gari la Uber lililokuwa likijaribiwa kujiendesha lenyewe lilimgonga na kumuua mama wa miaka 49 akivuka huku akisukuma baiskeli. Sio kwamba gari halikumwona. Wachunguzi wa serikali walikuta lilimwona sekunde 5.6 kabla. Shida halikujua ni nini: mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Programu haikutengenezwa kwa kufikiria mtu anayevuka pasipo na kivuko. Yaani mimi na wewe hatukuwa kwenye hesabu.

Na nani alijibu kesi? Waendesha mashtaka walisema kampuni haina kosa la jinai. Aliyeshtakiwa ni dereva mwangalizi aliyekuwa ndani, na mwaka 2023 akakiri shtaka la kuhatarisha maisha. Hakuwa akiangalia barabara, kosa ni lake. Lakini breki za dharura zilizotoka na gari kiwandani zilikuwa zimezimwa wakati linajiendesha. Aliyeamua hivyo mbona hakusimama kizimbani?

Wengine watasema binadamu ndiye anaua zaidi barabarani, mashine hailewi wala haisinzii. Ni kweli. Basi tuletewe ushahidi, tusiletewe tangazo. Kuaminiwa ni rahisi, hata tapeli huaminiwa. Kuaminika ndio kazi.

Hapo ndipo vyuo vikuu vinaingia. Mwaka 2020 Uingereza ilianzisha mpango wa pauni milioni 33 wa kutafiti mashine zinazojiamulia na jinsi ya kuzifanya ziaminike, na kitovu chake kikawa vyuo vya Southampton, Nottingham na King's College London. Mainjinia waliketi na wanasheria na wataalamu wa jamii, maanake swali sio tu kama roboti inafanya kazi. Ikikosea, nani atajibu? Inaweza kueleza kwa nini iliamua vile? Nani aliijaribu, na iliwajaribia akina nani?

Hilo la mwisho lishike sana. Mwaka 2018 Joy Buolamwini wa MIT, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walipima programu za kampuni kubwa zinazotazama picha ya uso na kusema huyu ni mume au mke. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wa ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Walipoyatoa hadharani, kampuni zikarekebisha. Hazikurekebisha kwa huruma, bali kwa kuwa kuna watu walipima na hawakunyamaza.

Usidhani haya ni ya mbali. Ukiomba mkopo kwa simu ukanyimwa kwa sekunde mbili, unadhani kuna mtu alikaa akasoma ombi lako? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hapa Kenya, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake kwa jambo linalokuathiri pakubwa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Na hata hapo, unaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Wangapi kati yetu tumewahi kuuliza?

Wewe unayesoma kompyuta chuoni, chukua hili liwe mradi wako. Wewe wa sheria, kisome kifungu hicho mpaka ukijue. Na wewe usiye chuoni, swali moja tu linakutosha: nani atajibu ikikosea? Asiyekuwa na jibu, usimkabidhi uso wako wala barabara yako.