Likizo ya Mjini

Wewe baba wa Nakwa, uliyeuza mbuzi wawili ili watoto wapate nauli ya kwenda likizo Dar es Salaam kwa shangazi yao, nakuuliza: wamerudi na habari gani? Kama ni zile tu walizotazama katika televisheni ya shangazi, basi umepunjwa. Televisheni ipo hata Babati mjini, na huko wangefika kwa miguu.

Siichukii televisheni. Hutuonyesha hata Misa ya Baba Mtakatifu kule Roma. Lakini ukicheka, yule mchekeshaji wa kiooni hakusikii. Jukwaani husikia, naye huongeza chumvi! Miaka ya 1990 vikundi vya Muungano na Tanzania One Theatre vilishindana sana Dar es Salaam: ngoma, kichekesho, mchezo wa kuigiza, kisha taarabu, na watu wakiinuka kumtuza mwimbaji. (Nyimbo nyingine za mafumbo, kweli, hazikuwafaa watoto.)

Safari ijayo nendeni Bagamoyo. Pana chuo cha sanaa cha Serikali, TaSUBa, ambapo vijana hufundishwa ngoma, muziki na uigizaji. Ulizeni kwanza siku ya onyesho. Na misioni ya mwaka 1868, ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, ipo mji uo huo.

Nawe mama, usibaki nyumbani. Kuku watalishwa na jirani.