Kumtumaini Mungu si Kumjaribu

Hapa Kisangani, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, chuma hushika kutu upesi. Nati kubwa ya ekseli, iliyo katikati ya gurudumu, huweza kukataa kabisa kufunguka. Hapo wako wanaoinua gari kwa jeki, wakapanda juu ya spana na kurukaruka, wakisema: "Mungu atatulinda."

Hiyo si imani. Yesu, alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu, alikataa. Jeki imetengenezwa kuinua gari, si kuhimili mtikisiko. Gari likiteleza, atakayelaliwa ni ndugu yetu.

Imani ya kweli hufuata utaratibu. Gari likiwa bado chini kwa magurudumu yote manne, chomoa pini, au nyosha ukingo wa nati uliokunjwa. Sugua kutu kwa brashi ya waya, tia mafuta mepesi, kisha ngoja. Mwenzako akanyage breki. Wewe refusha mpini wa spana kwa bomba la chuma, uvute taratibu. Mpini wa mita moja huzidisha nguvu mara mbili ya ule wa nusu mita. Nati ikishalegea, ndipo uinue gari na kuliegemeza juu ya stendi imara.

Basi kila kundi la vijana linunue bomba moja na stendi mbili, kabla ya kununua sare mpya. Yosefu wa Nazareti alikuwa fundi. Tumheshimu kwa kulinda uhai wa wafanyao kazi.