Sindano na Heshima Isiyo Yake

Miongoni mwa itikadi zilizoota mizizi katika nyoyo za watu wetu, toka miji ya pwani hata vijiji vya bara, ni chache zinazopewa taadhima kama hii, ya kwamba mgonjwa asiyechomwa sindano hajatibiwa. Mtu atapimwa, ataulizwa, ataandikiwa vidonge vilivyo barabara kwa maradhi yake, kisha atasimama mlangoni na uso wa aliyedhulumiwa, aulize: "Daktari, hata sindano moja hunichomi?" Na daktari, au yule mwenye koti jeupe tu ambaye mtaa umemkirimu cheo hicho, aghalabu habishi, huvunja kichupa cha vitamini, akamdunga, akapokea fedha zake, wakaachana radhi.

Mgonjwa simlaumu sana, kwa kuwa heshima hii ya sindano ina asili yake. Mababu zetu waliijua buba, maradhi ya vidonda yaliyowashika watoto hasa, na ambayo yakiachwa huila ngozi hata mifupa. Katika miaka ya 1920 zahanati za wakoloni zilianza kuwachoma wagonjwa dawa za arseniki na bismathi, na vidonda vilivyowatesa watu kwa miezi vikakauka upesi, wakawa watu wanaifuata sindano kwa miguu kutoka mbali. Halafu ikaja penisilini, na baina ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakawatibu kwayo takriban watu milioni 50 katika nchi 46. Nani angeyashuhudia hayo asiiamini sindano?

Lakini waliyoyaona kwa macho waliyafasiri visivyo. Kilichoponya ni dawa iliyokuwamo, wala si chuma kilichoipitisha, na ushahidi umeletwa na buba yenyewe: mwaka 2012 matabibu waliofanya utafiti Papua New Guinea walitangaza kwamba azithromaisini, ikinywewa mara moja tu, huiponya sawasawa na sindano ya penisilini. Waama dawa nyingi tumezazo hufyonzwa utumboni na kuingia damuni, na zikishafika humo hufanya kazi ile ile ambayo zingeifanya lau zingechomwa.

Hayo yangekuwa mabishano ya barazani tu kama sindano isingekuwa na madhara. Tazama Misri. Tangu miaka ya 1950 hata mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa bonde la Nili walichomwa dawa ya kichocho mishipani, wiki baada ya wiki, kwa nia njema kabisa ya serikali yao, na kwa mabomba yaliyotoka mkono wa huyu yakaingia mkono wa yule bila ya kuchemshwa ipasavyo. Katika kukifukuza kichocho, virusi vya homa ya ini ya aina C vikasambaa kimya kimya, hata Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika kuliko zote duniani, na maini ya watu yakaja kuharibika miaka mingi baada ya wao kusahau kwamba walichomwa. Kichocho hicho hicho, leo Unguja na Pemba, mtoto wa skuli husimamishwa kwenye fimbo ya kupimia kimo, akahesabiwa vidonge vya prazikuanteli kulingana na urefu wake, akavimeza kwa maji, akarudi darasani.

Mtu ataniambia kwamba mabomba ya siku hizi hutumika mara moja yakatupwa. Na alhamdulillahi. Ila upya wa bomba haumzuii mchomaji asiyefundishwa kupeleka ncha pasipo pake, akaujeruhi ule mshipa mkuu wa fahamu upitao takoni kuelekea mguuni, na mtoto aliyeingia akitembea akatoka anaburura unyayo.

Sisemi kwamba sindano haina mahali pake. Insulini ikinywewa humeng'enywa tumboni, kwa hiyo sharti ichomwe. Mwenye malaria kali aliyepoteza fahamu hangojewi ameze. Na chanjo nyingi hazina njia nyingine.

Lawama yangu naiweka kwa mchomaji ayajuaye yote haya na bado akachoma. Atakujibu kwamba akimnyima mteja, mteja atahamia duka la pili. Jawabu hilo lingefaa kwa muuza vitambaa, maana mnunuzi akichagua rangi isiyompendeza hadhuriki. Ama tabibu hulipwa kwa ilmu yake, na ilmu hiyo huhitajiwa zaidi saa ile ambayo akitakacho mgonjwa sicho kimfaacho. Najua kwamba dakika za kumweleza mgonjwa kwa nini hachomwi hazimwingizii mtu senti, ilhali kichupa kina bei yake ukutani. Basi na iandikwe pale pale, chini ya bei ya kupima damu, bei ya maelezo pia. Mimi ningelipa.